DNA si ya kumtafuta baba tu

Neno DNA likitajwa sebuleni, watu hutazamana. Katika familia nyingi linajulikana kwa jambo moja tu: mtoto ni wa nani. Sampuli zinapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, majibu yanatoka, ndoa inapona au inavunjika.

Wodini neno hilohilo lina kazi nyingine. Daktari anayemtibu mgonjwa mwenye uvimbe kwenye ubongo hatafuti baba. Anatafuta jina la ule uvimbe: ni maambukizi au ni saratani, na kama ni saratani, ni ya aina gani. Miaka ya karibuni watafiti wameonyesha kuwa jibu hilo wakati mwingine hupatikana kwenye matone machache ya maji ya mgongo. Vinasaba vilivyomo kwenye maji hayo husomwa, na fuvu halifunguliwi.

Ni habari njema. Lakini kikwazo cha kwanza hakiko maabara. Kiko kwenye benchi la nje ya wodi, ambako ndugu wamekaa wakijadili kama mgonjwa wao achomwe sindano ya mgongo au la.

Kikao cha nje ya wodi

Wauguzi wanakijua vizuri kikao hiki. Mama yuko kitandani na mtoto. Daktari amemweleza kuwa anahitaji kupima maji ya uti wa mgongo, na ameleta fomu ya kusaini. Mama anasema, "Ngoja kwanza nimpigie baba yake." Baba anampigia kaka yake. Kaka anampigia bibi kijijini. Bibi anamkumbuka mtoto wa jirani aliyetolewa maji ya mgongo na hakurudi nyumbani. Jibu linarudi kwa njia ileile: "Msikubali."

Bibi hasemi uongo. Mtoto wa jirani alitolewa maji, na alifariki. Mara nyingi kinachokosekana kwenye simulizi ni kipande cha katikati: mtoto alifikishwa hospitali akiwa na homa ya uti wa mgongo, fahamu zimeshapotea, siku kadhaa zimeshapita. Sindano ilikuja kutafuta chanzo, ugonjwa ulikuwa umetangulia. Watu wakaikumbuka sindano kwa sababu ndiyo waliyoiona kwa macho.

Kwa hiyo bibi hastahili kuchekwa. Anastahili kujibiwa.

Sindano inaingia wapi

Ubongo na uti wa mgongo vinaelea ndani ya maji maangavu yasiyo na rangi. Mtu mzima ana kiasi cha mililita 150 hivi, karibu nusu ya chupa ya soda. Maji hayo hayakai tu. Kila siku mwili hutengeneza mapya ya kama nusu lita, na ya zamani hufyonzwa kurudi kwenye damu.

Kwa ajili ya kipimo, mtu mzima hutolewa kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai, na mtoto hutolewa pungufu ya hapo. Kwa mtu mzima, mwili hurudisha kiasi hicho ndani ya saa moja. Hakuna anayebaki na mgongo mkavu.

Na kupooza? Uti wenyewe haufiki mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima huishia juu ya kiuno, na kwa mtoto mchanga huteremka chini kidogo ya hapo. Daktari huchoma chini zaidi, karibu na usawa wa mifupa ya nyonga, katikati ya pingili mbili. Mahali hapo ndani kuna maji na nyuzi nyembamba za fahamu zinazoelea. Sindano ikiingia, nyuzi hizo husogea pembeni, kama tambi ndani ya sufuria ya maji zinavyokwepa ncha ya uma.

Njia hii si ya majaribio. Daktari Mjerumani Heinrich Quincke aliieleza mwaka 1891 akiwa katika mji wa Kiel, na tangu hapo imetumika dunia nzima. Hospitali za Afrika Mashariki huitumia kutafuta homa ya uti wa mgongo kwa wagonjwa wa kila umri, kuanzia vichanga.

Madhara yapo, na mzazi ana haki ya kuyasikia kabla ya kusaini. Lililozoeleka zaidi ni kichwa kuuma kwa siku kadhaa, na mgongo kuuma pale sindano ilipoingia. Kutokwa na damu ndani au kupata maambukizi ni nadra.

Zipo pia hali ambazo sindano haifai. Uvimbe mkubwa ukiwa umeongeza presha ndani ya fuvu, kutoa maji huku chini kunaweza kuufanya ubongo usogee na kubanwa. Ndiyo sababu mgonjwa mwenye dalili za uvimbe hupigwa kwanza picha ya kichwa, ya CT au MRI, na damu yake huangaliwa kama inaganda vizuri. Mzazi anayeuliza, "Daktari, picha ya kichwa inaruhusu sindano hii?" ameuliza swali la maana. Swali hilo humsaidia mgonjwa kuliko neno "hatutaki".

Saratani isiyo na mtoki

Limfoma ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazolinda mwili. Wengi wanaijua kwa mitoki inayovimba shingoni, kwapani au kwenye kinena. Lakini mara chache saratani hii huanzia ndani ya ubongo wenyewe, na mgonjwa hana mtoki hata mmoja uliovimba.

Limfoma inayoanzia kwenye ubongo huwapata zaidi watu wa miaka 60 na kuendelea, pamoja na watu wa umri wowote ambao kinga yao imeshuka sana, kwa mfano anayeishi na VVU ambaye hatumii dawa. Kwa hiyo kikao cha nje ya wodi kinaweza kumhusu babu, au mama mwenyewe.

Dalili zake hupotosha. Mtu anaanza kusahau, au tabia yake inabadilika. Upande mmoja wa mwili unalegea, macho hayaoni vizuri, au anapata kifafa ukubwani wakati hajawahi kuwa nacho. Nyumbani watasema ni uzee, ni mawazo, au ni mkono wa mtu. Wiki zinapita.

Akifika hospitali, picha huonyesha uvimbe lakini haitaji jina lake. Kwa mwenye VVU, vimelea vya toksoplasma vinaweza kuleta picha inayofanana. Kifua kikuu kikipanda kwenye ubongo nacho kinaweza. Tiba zake ni tofauti kabisa: toksoplasma na kifua kikuu vina dawa zake za vidonge, limfoma inahitaji dawa za saratani. Anayetibiwa ugonjwa usio wake anapoteza muda ambao hana.

Njia inayotegemewa kulipata jina ni kuchukua kinyama. Daktari wa upasuaji wa ubongo hutoboa tundu dogo kwenye fuvu, akachukua kipande cha uvimbe, kikapelekwa maabara. Lakini si kila uvimbe unafikika salama, si kila mgonjwa ana nguvu za kuhimili, na wataalamu hao wako katika hospitali chache kubwa.

Kuna mtego mwingine ambao familia huingia bila kujua. Dawa za jamii ya steroidi, kama deksamethasoni, hupunguza uvimbe wa kichwani haraka. Kwenye limfoma hufanya zaidi ya hapo: huua seli za saratani kwa muda, na uvimbe unaweza hata kutoweka kwenye picha. Mgonjwa anaamka, anaongea, anaomba uji. Familia inashukuru Mungu na kurudi nyumbani. Baada ya muda ugonjwa unarudi. Na kinyama kikichukuliwa wakati dawa zinafanya kazi, kinaweza kisionyeshe kitu.

Kwa sababu hiyo, pale limfoma inaposhukiwa na mgonjwa hayuko katika hatari ya haraka, madaktari hupenda kuchukua vipimo kwanza ndipo watoe steroidi. Familia nayo ina wajibu wake: isinunue dawa za kupunguza uvimbe kiholela dukani, na itaje kila dawa ambayo mgonjwa alishapewa kwingine. Anayezianza kwa maelekezo ya daktari naye asiziache ghafla bila kumuuliza.

Maji yanavyotoa habari

Anayefulia juu ya mto, povu lake huwafikia wanaochota chini. Uvimbe wa ubongo nao uko hivyo. Kila seli ikifa humwaga vipande vya DNA yake, na seli za saratani hazina tofauti. Uvimbe ulio kichwani humwaga vipande vyake kwenye maji yanayouosha ubongo, na maji hayo hushuka hadi mgongoni. Kwenye damu ya mkononi hufika kidogo zaidi. Ndiyo maana daktari anataka maji ya mgongo, wala hatosheki na damu.

Kipimo cha zamani hutumia hadubini kutafuta seli nzima za saratani ndani ya maji hayo. Shida ni kwamba seli za limfoma zinaweza kuwa chache mno, au zisiwemo kabisa kwenye matone yaliyochukuliwa. Mara nyingi majibu hurudi safi wakati ugonjwa upo.

Kipimo cha DNA hakisubiri seli nzima. Husoma vipande vilivyovunjika na kutafuta hitilafu zinazojulikana. Mfano ni kinasaba kinachoitwa MYD88. Zaidi ya nusu ya watu wazima ambao limfoma yao imeanzia kwenye ubongo, na ambao kinga yao haikuwa imeshuka, wana badiliko dogo mahali palepale kwenye kinasaba hicho. Aina nyingine za uvimbe wa ubongo kwa kawaida hazina badiliko hilo. Likionekana kwenye maji ya mgongo, na picha ikawa inaendana nalo, daktari anakuwa ameshika uzi wa kufuata.

Kwa wanaoishi na VVU hadithi ni tofauti kidogo. Limfoma yao ya ubongo karibu kila mara hubeba kirusi cha Epstein-Barr, kwa hiyo tangu miaka ya 1990 madaktari wamekuwa wakitafuta DNA ya kirusi hicho kwenye maji ya mgongo. Kipimo hicho hakitoshi peke yake, kwa sababu kirusi kinaweza kuwemo bila saratani. Lakini kikiunganishwa na picha na hali ya mgonjwa, kinasaidia.

Mwaka 2023 watafiti wa Marekani na Ujerumani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Stanford, walichapisha utafiti uliohusisha wagonjwa 92 wa limfoma ya ubongo. Vipande vya DNA ya saratani vilionekana kwenye sampuli zote za maji ya mgongo zilizopimwa. Kwenye damu vilionekana kwa asilimia 78.

Kisha wakafanya jaribio gumu zaidi: je, kipimo kinaweza kuutaja ugonjwa chenyewe, bila kinyama? Kwa maji ya mgongo kiliwatambua wagonjwa 59 kati ya kila 100 wenye limfoma. Kwa damu kiliwatambua 25. Na katika jaribio hilo hakikumsingizia hata mmoja limfoma asiyokuwa nayo.

Mzazi azisome namba hizo kwa makini. Kipimo kikisema "ipo", neno lake lina uzito mkubwa. Kikisema "sijaona", bado mgonjwa hajatangaziwa kuwa salama, kwa sababu takriban wanne kati ya kumi wenye ugonjwa walipita bila kutambuliwa. Hapo kinyama kinaweza kuhitajika vilevile.

Watoto na limfoma ya Burkitt

Kwa watoto wa ukanda huu, limfoma ina historia yake. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alioneshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Akaanza kuwafuatilia watoto wenye uvimbe wa namna hiyo, na mwaka 1958 akaandika aliyoyaona. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walitoka Kampala kwa gari hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali ugonjwa huo uko wapi na hauko wapi. Vipande vya uvimbe kutoka Uganda vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na ndani yake, mwaka 1964, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi ambacho sasa kinaitwa Epstein-Barr.

Limfoma ya Burkitt bado ni miongoni mwa saratani zinazowapata sana watoto katika maeneo yenye malaria nyingi, ikiwemo mikoa inayozunguka Ziwa Victoria. Hukua kwa kasi ya kutisha: seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Hupenda taya na tumbo, lakini huweza kuingia kwenye mishipa ya fahamu na kwenye maji ya ubongo.

Hapa ndipo "msikubali" ya kwenye simu inapogharimu zaidi. Mtoto mwenye Burkitt huchomwa sindano ya mgongo kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kuangalia kama saratani imefika kwenye maji. Ya pili ni kupeleka dawa huko, kama metotreksati, kwa sababu dawa nyingi zinazopitia dripu haziingii vizuri kwenye ubongo. Familia inayokataa sindano inadhani imekataa kipimo. Imekataa pia sehemu ya tiba, tena tiba ya saratani ambayo watoto wengi hupona wakiianza mapema na kuimaliza.

Utafiti wa DNA nao umefika huku. Watafiti wa Tanzania na Uganda, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, wamekuwa wakichunguza vipande vya DNA kwenye damu ya watoto na vijana wanaoshukiwa kuwa na limfoma. Lengo ni kupata majibu ya haraka mahali ambapo wataalamu wa kusoma kinyama ni wachache. Hicho ni kipimo cha damu, hakiondoi sindano ya mgongo kwa mtoto ambaye ubongo wake unatiliwa shaka.

Mzazi asisubiri akiona haya kwa mtoto:

- Taya au shavu linavimba, au meno yanalegea kabla ya umri wake.
- Jicho linatokeza, au kengeza inaanza ghafla.
- Uso unalegea upande mmoja.
- Tumbo linakua ndani ya siku au wiki chache.
- Miguu inakosa nguvu, au mtoto anashindwa kukojoa.

Jino linalolegea kwa mtoto wa miaka minne si la kung'olewa tu na kusahauliwa. Aende hospitali wiki hiyohiyo, na akianza kulegea miguu aende siku hiyohiyo.

Kabla ya kusaini

Kipimo cha kusoma DNA ya saratani kwenye maji ya mgongo bado kinafanyika zaidi kwenye utafiti na kwenye vituo vikubwa vya nje. Hospitali ya wilaya ikiomba maji ya mgongo, inataka kuangalia seli, sukari, protini na vijidudu. Vipimo hivyo bado vina kazi kubwa, na homa ya uti wa mgongo haingoji teknolojia mpya. Wala mzazi asiuze shamba kwa sababu mtu amemwambia kuna DNA nje ya nchi. Aanze na daktari anayemtibu mgonjwa, amuulize kama majibu hayo yatabadilisha tiba.

Maswali haya yanafaa kuulizwa kabla ya kushika kalamu:

- Mnatafuta nini kwenye maji haya?
- Picha ya kichwa imepigwa, au kuna sababu haihitajiki?
- Damu yake inaganda vizuri?
- Atapewa ganzi? Naruhusiwa kumshika mkono?
- Majibu yatatoka lini, na yakiwa safi hatua inayofuata ni ipi?
- Kuna dawa itakayowekwa kupitia sindano hiyohiyo?

Daktari akijibu, mama anaweza kuchukua simu tena. Safari hii asimpitishie baba habari nusu, baba akampitishia kaka robo. Ampigie bibi moja kwa moja: "Shikamoo bibi. Nimemuuliza daktari. Sindano inaingia chini, uti umeishia juu. Wanatoa kidogo, mwili unarudisha. Wakijua ugonjwa ni gani, wataanza dawa ya ugonjwa huo."

Bibi atauliza swali moja au mawili, na atajibiwa. Kisha fomu isainiwe siku hiyohiyo, kabla jua halijazama.